"Kanuni ya Tiba" au "Kanoni ya Dawa"?

Swali: Ninaandika makala kuhusu Ibn Sina, tabibu wa Kiajemi. Kitabu chake kikuu nimekiita Kanuni ya Tiba, lakini aliyepitia rasimu yangu amesahihisha kuwa Kanoni ya Dawa. Lipi ni sahihi?

Jibu: Ulivyoandika ndivyo, na ninakuomba usibadilishe. Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na kufariki Hamadan mwaka 1037, alikipa kitabu hicho jina la Kiarabu, al-Qanun fi al-Tibb, na maneno yote mawili tunayo tangu zamani: kanuni na tiba. "Kanoni" imetufikia kupitia makanisa, nasi tunaitumia ipasavyo tunapotaja Sheria ya Kanoni. Asili ni moja, neno la Kigiriki lililotaja fimbo iliyonyooka ya kupimia, ila tabibu huyu alilipata kwa Kiarabu, kama tulivyolipata sisi. Umbo la Ulaya lilitokana na tafsiri ya Kilatini ya Gerard wa Cremona, iliyofanywa Toledo katika karne ya 12 na kusomeshwa katika vyuo vikuu vya huko hadi karne ya 17. Ndiko pia alikoitwa Avicenna.

"Dawa" ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu inakipunguza kitabu chenyewe. Kina sehemu tano, na ni mbili tu zinazohusu dawa hasa: ya pili inaeleza dawa moja moja, ya tano dawa za kuchanganywa. Ya kwanza inaweka misingi, ya tatu inafuata maradhi ya viungo kuanzia kichwani hadi miguuni, na ya nne inashughulikia homa, kuvunjika kwa mifupa na mengine yasiyofungika kwenye kiungo kimoja. Tena mwanzoni kabisa anaieleza tiba kuwa ni elimu ya hali za mwili wa binadamu, ili afya ilindwe ikiwapo na irejeshwe ikipotea. Kwa maelezo hayo, hata mwenye siha njema asiyemeza kidonge yumo ndani ya tiba.

Andika "ya", si "za": qanun ni umoja, wingi wake qawanin, na kwa kuwa kanuni yetu haibadiliki umbo, ni kiunganishi hicho kinachobeba tofauti. Vilevile umefanya vyema kutomwita tabibu wa Kiarabu kwa sababu tu ya lugha ya kitabu hiki. Danishnama, aliyomwandikia mtawala wa Isfahan, aliiandika kwa Kiajemi.