Nyumba Uingereza: mmeuliza tena, najibu tena

Ofa yangu ilikubaliwa wiki sita zilizopita. Leo dalali kanipigia, muuzaji kamchukua mwingine aliyeongeza pauni 5,000. Nimshtaki?

Kwa kosa gani? England na Wales, ofa iliyokubaliwa ni maneno tu mpaka mawakili wa pande zote wabadilishane mikataba iliyosainiwa. Hapo ndipo unatoa amana, kwa kawaida asilimia 10, na atakayejitoa anaumia. Kabla ya hapo muuzaji ana haki ya kukuacha kwenye mataa, na wewe vilevile. (Scotland wana utaratibu wao.) Mimi nakulaumu kwa hizo wiki sita. Ulimwomba aondoe tangazo sokoni siku ile ile? Hukuomba. Nyaraka za benki zilikuwa tayari? Naona hukutaja.

Benki imeshatuma mtu kuitazama nyumba. Kwa nini nimlipe mkaguzi tena?

Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Yule wa benki anailinda benki. Anataka kujua kama nyumba inatosha kurudisha mkopo ukishindwa kulipa, na wakati mwingine hata mlangoni hafiki. Boriti zilizooza chini ya zulia si kazi yake. Lipa mkaguzi wako.

Nimepata ghorofa bei poa, imebaki miaka 68 kwenye mkataba wa kuimiliki (leasehold). Vipi?

Ndiyo maana ni bei poa. Hapo hununui ardhi, unanunua miaka, na inapungua kila siku unayolala humo. Ikishuka chini ya 80, kama hiyo yako, kuiongeza kunakuwa ghali na benki nyingi zinaanza kusitasita, kwa hiyo hata mnunuzi wako wa kesho atahangaika. Wakili aulize gharama ya kuongeza kabla hujasaini chochote.

Bado niko Dar. Shemeji yangu London ananunua kwa jina lake, mimi natuma hela, ili nikwepe ile nyongeza ya ushuru ya asilimia 2 kwa wanunuzi wasioishi Uingereza.

Aliyeandikwa kwenye daftari la ardhi ndiye mwenye nyumba. Shemeji akiachika, akifilisika au akifa, utaanza kuwaeleza wanawe kwamba baba yao alikushikia tu. Mnanieleza "ni mtu wetu" kana kwamba ni hati. Na hiyo nyongeza ya ushuru wa stempu, iliyoanza Aprili 2021, hurudishwa ukiomba kwa wakati, iwapo wewe mnunuzi utakaa nchini siku 183 ndani ya kipindi cha siku 365 kinachokubalika. Unahatarisha nyumba nzima kwa hela ambayo ungeweza kuidai.

Wakili katuma barua pepe, akaunti yake imebadilika.

Usitume hata senti, huenda ni tapeli. Mpigie kwa namba uliyopewa siku ya kwanza.

Tumehamia Novemba, sasa kona za chumba zina ukungu mweusi. Muuzaji alituficha?

Inawezekana, ila nguo mnaanika wapi? Mwaka wangu wa kwanza nilianika kwenye redieta, madirisha nimeyafunga kama tumezingirwa, na kila asubuhi nilikuwa nakamua taulo la maji niliyofuta kwenye kioo. Sufuria lifunikeni, fungueni dirisha dakika kumi hata kama mnatetemeka. Ukungu ukirudi palepale, mwiteni fundi atazame mfereji wa paa.

Pipa letu halikuchukuliwa wiki ya pili hii.

Mmetia mabaki ya chakula kwenye pipa la karatasi. Maelekezo ya halmashauri yamo kwenye ile bahasha mliyodhani ni tangazo.