Jibu: Taharuki bila bunduki

Umeuliza mtazamaji atajuaje ni filamu ya taharuki kabla mtu hajafungua kinywa, ilhali huna bunduki wala pesa za kukodi gari. Ndugu yangu, anza na mahali. Kule Pipeline, mtaa wa Nairobi, maghorofa yamebanana hadi korido zina giza saa sita mchana. Hapo nusu ya hofu umeipata bure.

Kisha chagua kifaa kimoja ukipe kazi. Mimi ningechukua ule mlango wa chuma wenye kitundu cha kupitisha mkono kufikia kufuli la ndani. Piga picha kwa karibu: mhusika anaingiza mkono, anapapasa, kufuli halipo. Mkono bado uko ndani. Hapo muziki hauhitajiki kabisa.

Mwongozaji Alfred Hitchcock, katika filamu yake Suspicion ya 1941, alitia balbu ndani ya glasi ya maziwa ili yang'ae mhusika akipanda nayo ngazi. Maziwa tu, na huwezi kubandua macho!

Usirundike vitu. Barakoa, damu na minyororo kwa pamoja vitakupeleka kwenye filamu za kutisha, na hiyo ni aina nyingine. Na kama tokeni za stima zitaisha, ziishe katikati ya mazungumzo, si mwanzoni.