Filta ya bwawa: soma geji kabla hujafungua pochi

Kiangazi kimekolea. Vumbi linaingia hata kwenye mabwawa yaliyozungushiwa ukuta, na simu ninazopokea siku hizi ni za filta tu. Haya ni maswali yanayojirudia zaidi.

*Shikamoo fundi. Nina bwawa dogo la kuogelea nyumbani, Bangwe, Kigoma. Maji yana ukungu, na yanarudi bwawani kwa unyonge. Aliyekuja kuangalia anasema pampu imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli?*

Marahaba, dada. Usinunue kitu bado. Nenda kwenye filta utazame ile saa ndogo iliyo juu yake, geji. Ulipaswa kujua inasoma ngapi filta ikiwa safi. Kama hujui, utajua leo.

Mshale ukipanda psi (kipimo cha msukumo wa maji) 8 hadi 10 juu ya kipimo cha usafi, mchanga unaochuja ndani ya filta umejaa uchafu. Tuseme ikiwa safi inasoma 12, basi ikifika 20 au 22 ni wakati wa kuiosha. Mshale ukishuka, filta haina kosa: maji hayaifikii. Angalia kikapu cha pampu na kile cha ukingoni mwa bwawa. Majani ya mwembe yakilala humo, pampu nzima kabisa itaonekana mfu.

Kuosha ni hivi. Zima pampu kwanza. Narudia, zima. Mkono wa vali, kile kifaa cha filta kinachochagua njia ya maji, haugeuzwi pampu ikizunguka, hata mara moja, maana ndani kuna mpira wenye mikono kama spoku za baiskeli na msukumo wa maji huuchana. Ukichanika, maji ya bwawa yatapotea polepole kwenye bomba la kumwagia na utahangaika kutafuta ufa ukutani. Geuza mkono kwenye bekiwoshi (maji hupita kinyume na kutoa uchafu), washa, tazama kile kioo kidogo cha kuonea maji yanayotoka. Maji yatatoka kama chai ya rangi, kisha kama chai iliyoongezwa maji, kisha meupe. Ni dakika 2 au 3. Zima tena, weka kwenye rinsi (kusuuza), washa nusu dakika ili mchanga ulale. Zima, rudisha kwenye filta, washa, na sasa soma geji. Namba hiyo iandike ukutani kwa rangi isiyofutika. Ndiyo kumbukumbu ya filta yako.

Wala usioshe kila siku kwa bidii. Mchanga uliokwisha kushika uchafu kidogo huchuja vizuri kuliko uliooshwa sasa hivi.

*Fundi, mchanga wa ziwani tunao tele Kibirizi. Kwa nini nilipe hela kuagiza wa dukani?*

Kwa sababu ya ukubwa wa punje, kaka. Filta nyingi za nyumbani hutaka mchanga wa silika wenye punje za milimita 0.4 hadi 0.8, zinazolingana. Wa ziwani umechanganyika: chenga za makombe, udongo, punje nene, na vumbi laini litakalopenya na kurudi bwawani. Punje zikitofautiana, ndogo huziba nafasi za kubwa, geji inapanda upesi, na maji yanajitafutia njia moja ya kupita bila kuchujwa.

Niliwahi kufungua filta ya nyumba moja Ujiji iliyojazwa mchanga wa namna hiyo. Juu palikuwa pagumu kama sakafu. Nilipopasua kwa mikono nikakuta katikati tundu linaloingia ngumi, na maji yote yalikuwa yanapita hapo. Mwenye nyumba alikuwa amemaliza miezi akinunua dawa.

Mchanga sahihi, ukitunzwa, hukaa kama miaka 5. Siku ya kuubadilisha, jaza tangi maji hadi nusu kwanza, ufunike mdomo wa bomba la katikati kwa mfuko wa nailoni, ndipo umimine mchanga taratibu. Chini kuna vijibomba vya plastiki vyenye matundu membamba, na mchanga ukiangukia pakavu unavivunja. Ukiona mchanga sakafuni mwa bwawa pale maji yanapoingilia, kimojawapo kimeshavunjika.

*Tabora hapa, Ipuli. Maji ya kisima yalikuwa meupe, nilipotia klorini yakageuka kahawia. Nimeharibu bwawa?*

Hapana, mzee wangu. Maji yako yana madini ya chuma, na klorini imeyageuza kutu. Acha filta ifanye kazi usiku na mchana, uioshe kila geji inapodai, hata mara mbili kwa siku. Yatatakata.

*Mimi najaza maji ya ziwa. Pampu inakwenda saa 10 kwa siku, geji iko sawa, lakini kijani hakiishi. Filta mbovu?*

Filta yako ni nzima. Filta hukamata uchafu, haiui mwani. Kuua ni kazi ya klorini, na klorini yako imefungwa mikono. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua) inayokaribia 9. Klorini kwenye pH ya 7.5 hufanya kazi kwa takriban nusu ya nguvu yake, na ukifika 8.5 hubaki kama sehemu moja ya kumi. Unamwaga dawa, unalipa, na mwani unaendelea kustawi.

Shusha pH hadi kati ya 7.2 na 7.6 kwa asidi ya mabwawa, kidogo kidogo kwa siku kadhaa, maana maji ya ziwa hili ni mabishi na pH yake hupanda tena. Vaa glavu, tia asidi kwenye maji, kamwe usitie maji kwenye asidi. Na asidi isikutane na klorini ya unga, hata kwenye ndoo iliyosuuzwa haraka. Hewa inayotoka hapo huua mtu.

*Umeme ukikatika na kurudi, pampu inaunguruma lakini maji hayaji.*

Izime mara moja, isizunguke kavu. Pampu iliyo juu ya usawa wa maji hupoteza maji hewa ikipenya, mara nyingi kwenye oringi, ule mpira wa duara wa kifuniko. Ifute, ipake grisi ya silikoni (mafuta ya mgando huivimbisha), jaza kikapu maji hadi juu, funga, washa.

*Maji machafu ya kuoshea filta tunayaachia mfereji unaoteremka ziwani. Kuna ubaya?*

Upo, mama, na nakushukuru kwa kuuliza. Klorini ya kumtosha muogaji humuua samaki, na wale wadogo wanaoishi kwenye miamba ya ufukweni, wengi wao hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Acha kutia klorini siku mbili kabla ya kuosha, jua liipunguze. Kisha chimba shimo mbali na kisima, lijaze kokoto, na bomba la kumwagia liishie humo.