Rongai, Syokimau au South B kwa anayefanya kazi Upper Hill

Ndugu unayehamia Nairobi kutoka Mombasa na mke na watoto wawili, nimesoma swali lako: ofisi iko Upper Hill, na umeonyeshwa nyumba Rongai, Syokimau na South B. Mimi nimekaa Rongai miaka kadhaa, sasa niko South B. Syokimau naijua kwa sababu ndugu zangu wako huko.

Rongai utapata vyumba vikubwa kwa kodi nafuu, ukweli huo hakuna anayeubisha. Shida ni Magadi Road na Lang'ata Road asubuhi. Utatoka nyumbani watoto wamelala, urudi wamelala, na hiyo sebule kubwa utaifaidi Jumapili. Mvua ikinyesha nauli inapanda palepale kwenye steji, na ukimuuliza kondakta anakuambia shuka. Kabla ya kulipa kodi popote, njoo Nairobi siku ya kazi, usimame kwenye steji ya mtaa huo saa kumi na mbili asubuhi, upande matatu mpaka ofisini. Ukipelekwa na dalali kwa gari lake Jumamosi mchana hujaona kitu.

Syokimau ina treni tangu 2012, inaingia stesheni ya mjini, na kutoka pale Upper Hill unaipanda kwa miguu. Ukiwa na gari kuna barabara ya Expressway iliyofunguliwa 2022, lakini ile ni ya kulipia, kwa hiyo ihesabu kama sehemu ya kodi. Kinachonisumbua upande ule ni maji. Nyumba nyingi zinategemea kisima au lori la maji, na ya kisima mara nyingi yana chumvi. Wewe mtu wa Pwani chumvi haitakushtua! Ila visima vingi vya Nairobi na viunga vyake vina floridi nyingi, na watoto wakinywa maji hayo wakati meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi, meno yanatoka na madoa ya kahawia. Weka bajeti ya maji ya kunywa.

South B ni karibu, lakini kodi ni kali na vyumba vidogo. Maji ya mfereji yapo kwa mgao. Sehemu kubwa ya maji ya jiji inatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na mgao upo hata mwaka wa mvua nyingi. Muulize msimamizi wa ploti maji huja siku gani na tangi ni kubwa kiasi gani, kisha fungua bomba la jikoni wewe mwenyewe. Halafu kuna mafuriko. Mvua za 2024 ziliingia ndani ya nyumba za watu, hasa mtaa jirani wa South C. Dalali hatakuambia. Mama mboga wa pale getini atakuambia maji yalifika wapi, nunua sukuma ya mia moja mzungumze.

Pesa: kodi ya mwezi wa kwanza na deposti ya mwezi mmoja ndiyo kawaida. Usitume chochote kwa M-Pesa kwa nyumba uliyoiona kwenye picha. Na hakikisha mita ya tokeni za umeme ni yako peke yako, si ya kuchangia na jirani.

Kwa hali yako ningechukua South B, ghorofa ya kwanza au ya pili, familia ije muhula ukiisha. Lakini hujasema watoto watasoma wapi. Kama shule imeshapatikana upande wa Syokimau, nitabadilisha jibu.