Vibakuli vya chumvi vinatoa jasho: nipake vanishi gani?

SWALI: Ninashindilia chumvi ya mawe kwenye kalibu, natengeneza vibakuli na vinara vya mishumaa kwa ajili ya wageni hapa Mikindani. Kiangazi vilikaa vikavu kama jiwe. Tangu mvua zianze vinalowanisha meza. Fundi mmoja kaniambia nipige vanishi mikono mitatu. Ninunue ipi?

JIBU: Dada yangu, usinunue yoyote. Kila msimu wa mvua naletewa chombo cha chumvi kilichopakwa vanishi, kimejaa malengelenge, na mwenyewe anataka kujua alikosea wapi kupaka. Hakukosea kupaka. Maji yanatoka hewani, lakini anayeyaita yumo ndani ya chombo.

Chumvi safi huanza kuvuta maji unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi. Chumvi ya bahari isiyooshwa imebeba pia kloridi ya magnesi, ile inayoipa uchungu, nayo huanza kwenye asilimia 33 tu. Kwa hiyo hata kiangazi vibakuli vyako vilikuwa vinakunywa, ila kidogo mno kuonekana. Sasa juu yake weka vanishi. Ina vitundu usivyoviona. Unyevu unapita, chumvi inayeyuka chini yake, jua likiwaka inaganda tena kuwa fuwele, na fuwele ikikua inainua vanishi kama mzizi unavyoinua sakafu. Kama chombo hakikukauka hadi kiini, ndiyo umeyafungia maji humo humo. Na kibakuli cha vanishi utamwekea nani korosho?

Shughulika na chumvi yenyewe. Yeyusha chumvi safi ya dukani kwenye maji mpaka yakatae, kama gramu 36 kwa mililita 100, chuja, kisha oshea humo chumvi yako ya mawe. Maji yaliyoshiba hayawezi kuimaliza, ila magnesi yataibeba. Rudia kwa maji mapya yaliyoshiba chumvi vilevile, ichuje hadi iache kudondosha, ndipo ushindilie, ukianika kivulini siku kadhaa kabla ya jua. Hata hivyo usiku wa mvua hewa ya Mtwara huvuka hiyo 75, basi vitunze kwenye mkebe wenye mfuniko mkazo. Wanaokuonyesha picha za hoteli ya matofali ya chumvi kule Uyuni, Bolivia, hawakwambii kwamba iko zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, kwenye hewa kavu.

Kinachoniudhi kuliko vanishi ni hawa wanaofundisha vijana kuyeyusha chumvi kwenye jiko la mkaa na kuimimina kwenye kalibu. Alumini huyeyuka nyuzi 660 za Selsiasi, chumvi 801: sufuria itakwisha kabla ya chumvi. Wakihamia chungu cha chuma, punje moja yenye unyevu ikidondokea humo, maji hugeuka mvuke papo hapo na kurusha chumvi ya moto usoni. Na ukifanikiwa kuimimina, inasinyaa inapopoa na kupasuka. Aliyekutoza ada ya somo hilo bila kukutajia namba hizo mbili, mdai fedha zako leo.