Nilifaulu Fasihi Bila Kusoma Riwaya

Wiki mbili zilizopita mama mmoja, ambaye mwanawe anasoma darasa moja na binti yangu, aliniandikia ujumbe kwenye simu akitaka kujua nimempa binti yangu dawa gani hata akawa mtoto wa kuonekana na kitabu mkononi kila anapokaa, maana wa kwake akipewa kitabu husinzia kabla ya kufika ukurasa wa pili. Sitaficha kwamba nilifurahi. Niliusoma ujumbe ule mara tatu, nikamwonyesha mume wangu, kisha nikakaa kuandika jibu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba siwezi kumjibu kwa ukweli bila kuungama kwanza jambo ambalo sijapata kumwambia yeyote kati ya wale walionipongeza kwa matokeo yangu ya kidato cha sita.

Nilifaulu fasihi bila kusoma riwaya. Nilikuwa na kitini kilichorudufiwa mara nyingi hata maandishi yake yalikuwa yamefifia pembeni, na ndani yake Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi ilikuwa imekatwakatwa kama nyama ya buchani: dhamira upande huu, sifa za wahusika upande ule, mbinu za kisanaa mwishoni. Swali la mtihani lilipokuja likinitaka nitoe hoja tatu kutoka katika kila riwaya kati ya mbili nilizosoma, nilizimwaga hoja zangu bila kupepesa macho. Kwangu Yasmin alikuwa nukta nne za kukariri, na Mwajuma alikuwa nukta tatu. Kitabu chenyewe nilikuwa nimekishika siku mbili tu, na zamu yangu ya kukiazima iliisha kabla sijafika mbali.

Miaka ilipita hapo katikati, ya kazi na ya ulezi, na haina la kusimulia.

Mwaka huu, nikiwa natoka kazini, nilikikuta kitabu hicho kwa muuza vitabu vya mitumba anayetandaza bidhaa yake kando ya njia pale Posta, nikakinunua zaidi kwa aibu kuliko kwa hamu. Nilianza kukisoma ndani ya basi la mwendokasi, nimesimama, mkono mmoja ukiwa kwenye bomba. Siku ya tatu nilipaswa kushuka Kisutu, lakini nilipoinua macho tulikuwa tumefika Kivukoni na abiria wote wameshashuka. Yasmin, binti mdogo aliyeozwa kwa Raza, mwanamume wa umri wa kuwa baba yake, alikuwa ametoroka ndoa ile, ndugu zake wakamfungia mlango, na aliyempokea akawa Mwajuma, ambaye mwenyewe hakuwa na kitu. Kitini changu kiliandika kwamba Mwajuma anaonyesha umuhimu wa mshikamano. Hakikuniambia kwamba nitampenda. Hakikuniambia kwamba ningefika ofisini nimechelewa robo saa huku nikiwa na hasira na watu wa Unguja ya enzi ya Mwingereza, watu ambao wengi wao hawakupata kuwako duniani. Kuhusu Denge, mpigania uhuru aliyependana na Yasmin, nina maoni tofauti na watu wengi, kwa sababu nadhani alimpenda Yasmin kwa muda uliobaki baada ya harakati zake, lakini hayo ni mabishano ya siku nyingine.

Kwa hiyo nasaha yangu ya kwanza kwa mama yule, na kwa mzazi yeyote anayesoma hapa, ni kwamba asome yeye kwanza. Mtoto hawezi kukipenda kitu ambacho hajapata kumwona mtu mzima akikifanya bila kulazimishwa.

Lipo jambo jingine, nalo bado linaniuma. Nilipokuwa kidato cha pili nilikuwa msomaji hasa, na nilichokisoma ni hadithi za kijasusi za Willy Gamba, alizoziandika Elvis Musiba. Niliziazima kwa kaka wa rafiki yangu na kuzisoma usiku kwa mwanga wa kandili. Mwalimu mmoja alikikuta kimojawapo chini ya dawati langu, akakiinua juu darasa zima likaona, akasema kwamba msichana anayesoma takataka za namna hiyo anajulikana atakapoishia, kisha akakichana vipande viwili. Kitabu hakikuwa changu. Nilikilipa kwa pesa ya nauli na nikatembea kwa miguu juma zima, na baada ya hapo sikusoma tena chochote ambacho hakikuwa kwenye mtihani. Sijui kama mwalimu yule anakumbuka. Mimi nakumbuka hata rangi ya chaki iliyokuwa vidoleni mwake. Ndiyo maana ninapowasikia wazazi wenzangu wakisema kwamba vitabu vya kusisimua vinawaharibu watoto, nashindwa kunyamaza, kwa sababu najua kwamba mtoto anayesoma cha kumsisimua leo ndiye atakayekuwa na pumzi ya kusoma kigumu kesho, na kwamba anayenyang'anywa cha leo huenda asirudi kabisa.

Nikiwa na uchungu huo moyoni, niliapa kwamba binti yangu, mwenye miaka tisa, hatapitia niliyopitia. Nilimpeleka Maktaba Kuu ya Taifa, ile ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed iliyofunguliwa mwaka 1967, akakaa kwenye chumba cha watoto mpaka tukaambiwa wanafunga. Nyumbani nilianza kumsomea kwa sauti baada ya chakula cha usiku, na tulianza na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, kitabu cha mwaka 1952 ambacho nilidhani kitamchosha kwa Kiswahili chake cha zamani. Hakikumchosha hata kidogo. Alicheka kuona ndugu wabaya wamepewa majina ya Hasidi na Mwivu, akasema kwamba wazazi wao walipaswa kujua tangu mwanzo. Tulipofika mahali ambapo Adili analazimika kuwachapa kila usiku manyani wawili ambao kwa kweli ni ndugu zake waliogeuzwa, alinishika mkono nisifungue ukurasa unaofuata.

"Mama, na yeye anaumia?"

Hapo nikaharibu. Badala ya kumjibu, au kunyamaza, nilisikia sauti ikitoka kinywani mwangu ikiuliza, "Je, hadithi hii inatufundisha nini?" Nilimwona akiketi vizuri, akikunja mikono, akinipa jibu la darasani kwamba inatufundisha kwamba wivu ni mbaya. Usiku ule hakuniuliza kitu kingine. Usiku uliofuata alisema ana usingizi. Zilipita siku nne kabla hajakichukua kitabu mwenyewe na kuniletea, na katika siku hizo nne nilijiona nimekivaa kile kitini changu chakavu mwili mzima.

Wazazi, tuacheni kuuliza fundisho! Tumekuwa kama watu wanaomkaribisha mgeni mlangoni kwa kumpekua mifuko. Mtoto akiuliza, tumjibu. Asipouliza, tugeuze ukurasa. Nasi tusome, narudia tena, tusome wenyewe, maana mzazi anayesoma ana maswali yake yanayomkera na hana haja ya kubuni ya mtihani. Hakuna mzazi wa Dar es Salaam asiye na nusu saa. Ninayesema hivi natoka Kimara kila asubuhi nikiwa nimesimama. Mume wangu, baada ya kunisikia nikihubiri hivi mezani kwa mara ya pili ndani ya juma moja, aliniuliza kama na yeye atapewa mtihani mwishoni, na binti yangu akacheka mpaka akapaliwa na chai.

Kitabu ninachokisoma sasa ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyoandikwa kwa Kiingereza mwaka 1994 na kufasiriwa na Ida Hadjivayanis, ikatolewa hapa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel. Nakisoma polepole, kwa sababu kinanichoma. Kinamhusu Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili anayepandishwa treni kuelekea pwani pamoja na mfanyabiashara Aziz, akidhani anaondoka na ami yake, kumbe baba yake amemtoa rehani kwa deni. Jumapili nilipumzika kwenye ukurasa mmoja nikiwa nimeshika tama, binti yangu akataka kujua kuna nini, nami nikamweleza mwanzo wake kwa kifupi.

"Baba yake alimwambia?" aliuliza.

"Hakumwambia."

Alinyamaza kidogo, kisha akaomba nimpe akisome yeye. Nilimwambia kwamba hicho ni cha watu wazima, kina mambo ambayo bado hajafikia umri wake, asubiri akue. Nilikiweka juu ya kabati, nyuma ya sanduku la vyombo vya wageni. Jana usiku nilipopanda kwenye kiti kukichukua, nilikikuta kimelazwa upande mwingine, na kipande cha karatasi ya daftari la hesabu kimechomekwa kwenye ukurasa wa tano.