Je, injini mpya huwashwa kiwandani?

Ndugu yangu, umeuliza kama kila injini ya gari huwashwa kiwandani kabla ya kufungwa. Siku hizi nyingi hupimwa zikiwa baridi. Mota ya umeme huzungusha krankishafti, yaani mhimili mkuu wa injini, bila tone la mafuta wala cheche, huku sensa zikisoma presha ya oili, mtetemo, nguvu inayohitajika kuizungusha, na presha ya hewa inayoingia na kutoka kwenye silinda. Kompyuta hulinganisha mchoro wa vipimo vya kila silinda na ule wa injini iliyo sawa. Valvu isipofunga vizuri, mchoro huonyesha ni silinda ipi, na injini hiyo huwekwa kando. Uvujaji hupimwa kivyake: njia za maji na oili hujazwa hewa ya presha, kisha huangaliwa kama inapungua.

Mimi naukubali sana mtindo huu, kwa sababu kasoro ndogo haifunikwi na mngurumo.

Injini kubwa za meli ni habari nyingine. Hizo huwashwa kiwandani na kubebeshwa mzigo hatua kwa hatua hadi asilimia 100, mara nyingi hata 110, mbele ya mkaguzi wa shirika la kukagua usalama wa meli kama Lloyd's Register au DNV.